Miezi Niliyobebwa na Mke wa Mwanangu

Nilivunjika mguu asubuhi moja ya mwezi wa sita, juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba yetu, mwendo mfupi kutoka Ikungi. Juu ya jabali hilo ndiko tunakoanika alizeti. Umande ulikuwa haujakauka. Nilikuwa nageuza vichwa vya alizeti kwa fimbo, nikienda kinyumenyume, mguu wa kulia ukaingia kwenye ufa wa jiwe na kubaki humo wakati mwili unaangukia upande wa pili. Mlio niliusikia kabla ya maumivu. Ulikuwa kama mtu amekanyaga bua kavu la mtama. Nilipotazama, vidole vya mguu wangu vilikuwa vimeelekea upande ambao goti halikuelekea.

Aliyenisikia ni mke wa mwanangu. Alikuja mbio kutoka jikoni, mikono imejaa unga. Akachuchumaa, akaangalia, akaniambia, "Mama, sasa utapiga kelele. Piga tu, hakuna mtu." Akaushika mguu kwa mikono yote miwili, akautoa kwenye ufa. Nilipiga kelele. Kisha akafungua kitenge chake, akabaki na sketi ya ndani katika ule upepo wa baridi, akaweka miti miwili huku na huku ya muundi wangu na kuifunga kwa kile kitenge. Ndipo akaenda barabarani kutafuta bajaji ya mizigo.

Inabidi nieleze tulivyokuwa tukiishi kabla ya siku hiyo, ingawa sipendi kueleza.

Mume wangu alikufa zamani. Nimezaa watoto sita na wawili nimewazika. Binti yangu mkubwa ameolewa Manyoni, wengine wawili wako mbali zaidi. Mwanangu wa mwisho ndiye aliyebaki nyumbani, akaoa, na mwaka uliofuata akaenda Sekenke kuchimba dhahabu na wachimbaji wadogo. Alikuwa anakuja baada ya mwezi mmoja au miwili, anakaa siku tatu, anarudi. Nyumbani tulikuwa wanawake wawili.

Walikuwa na miaka mitano ya ndoa na hapakuwa na mtoto. Kwetu mwanamke akizaa anaitwa kwa jina la mtoto wake. Yeye hakuwa na jina hilo, na mimi sikutaka kumwita lile alilopewa na wazazi wake, kwa hiyo miaka yote mitano nilimwita "wewe". Wewe, maji yamechemka? Wewe, umefungia kuku? Na nilisema maneno. Niliyasema bombani tukisubiri ndoo zijae, niliyasema kwa wanawake wa jumuiya tukitoka kusali. Mwaka wa tatu nilimwambia mwanangu, tukiwa jikoni, kwamba mwanaume hakai bila mtoto kwa ajili ya mwanamke mmoja. Yeye alikuwa nje anapepeta uwele. Nilisikia ungo wake ukinyamaza, halafu baada ya muda ukaanza tena. Hakuniuliza kitu, wala siku hiyo wala baadaye. Alinisalimia kila asubuhi kwa kupiga goti, "Shikamoo mama," nikaitikia, "Marahaba," na hayo yalikuwa karibu maneno yetu yote ya asubuhi.

Mwanamke huyo ndiye aliyekaa kwenye bajaji ya mizigo siku ile, ameupakata mguu wangu kama mtoto mchanga, kila tuta la barabara analipokea kwa mapaja yake ili lisinifikie.

Hospitali walipiga picha. Daktari, kijana mwenye sauti ndogo, aliinua ile picha dirishani akanionyesha. Mfupa mkubwa wa muundi ulikuwa umekatika chini kabisa, vidole viwili juu ya kifundo, na ule mwembamba wa pembeni ulikuwa na ufa. Alisema nina bahati, vipande vimekaa mahali pazuri, havihitaji vyuma. Walisubiri uvimbe upungue, kisha wakanifunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe, kutoka vidoleni hadi juu ya goti. "Wiki sita usikanyage," alisema. "Hata kidogo, bibi. Ukikanyaga, mfupa utahama." Akamgeukia mke wa mwanangu. "Wewe ni binti yake?"

"Ndiyo," alijibu.

Siku nne nilizolazwa, alilala sakafuni chini ya kitanda changu, juu ya kanga moja.

Tuliporudi nyumbani ndipo taabu yenyewe ilipoanza. Maumivu ya mfupa yana kawaida yake, yanakuja na kwenda, mtu anayazoea. Nilichoshindwa kuzoea ni mengine. Choo chetu kiko nyuma ya nyumba, na kukifikia lazima ushuke vigazi vitatu vya mawe. Magongo niliyopewa hospitali niliyajaribu siku ya kwanza nikadondoka nayo kabla sijafika mlangoni. Mimi ni mwanamke mnene. Hogo lile lilikuwa zito kama mtungi. Bila mtu wa kunibeba, nisingeweza kufika popote.

Na mtu alikuwa mmoja tu. Nilikulia katika nyumba ambayo mkwe hamwangalii mkwe mwenzie kifuani, mahali ambapo mama yangu hakuwahi hata kula mbele ya mama mkwe wake. Sasa niinuliwe nguo na mke wa mwanangu? Nikaona heri nisile, kwa kuwa asiyekula hana haja ya kwenda chooni. Siku mbili nilimeza mate tu, nikamwambia dawa zinanikata hamu.

Siku ya tatu aliweka bakuli la uji kando ya godoro, akakaa chini, hakuondoka.

"Mama, kula."

"Sina njaa."

"Una njaa. Midomo imekupasuka. Mama, mimi nimemhudumia bibi yangu mpaka akafa. Hakuna kitu mwilini mwa mtu mzima ambacho sijakiona. Kula. Tukimaliza nitakupeleka, nitafumba macho ukitaka."

Nilikula nikilia, na sikujificha. Akanipeleka. Hakufumba macho, maana angefumba tungeanguka wote wawili.

Tukapata namna yetu. Aliinama mbele yangu, mimi nafunga mikono shingoni mwake, yeye anaingiza mikono yake chini ya makwapa yangu, anasema, "Haya," na kwa neno hilo ananyanyua. Yeye ni mwembamba, urefu wake haunifiki masikio. Nilikuwa nasikia pumzi ikimtoka puani kila anaponinyanyua. Vile vigazi alivishuka kwa ubavu, hogo langu limening'inia mbele. Mara nne kwa siku, mara tano. Kuoga alinikalisha kwenye kiti cha plastiki uani, hogo limefungwa mfuko, akanisugua mgongo kwa jiwe laini. Usiku aliweka ndoo.

Sitasema tulipendana ghafla. Lakini tulianza kuongea. Aliniambia habari za bibi yake, namna alivyokuwa mkali, namna alivyokufa amemshika sikio. Mimi nilimweleza habari za wanangu wawili niliowazika, ambazo mwanangu mwenyewe hazijui vizuri. Kulikuwa na jioni upepo unavuma bati linalia, sisi tumekaa tunachambua mbegu, na nikajikuta namsubiri aongee.

Wiki ya tatu nikaona.

Aliacha kula mlenda. Akiupika, anatoka nje kupumua. Alitema mate mara kwa mara, akawa anayafukia kwa kidole cha mguu. Siku moja kutoka mfukoni mwa sweta yake kilidondoka kipande cha pemba, ule udongo wanaokula wajawazito, akakiokota haraka. Na akiinama kuninyanyua, titi lake likinigusa alishtuka kama aliyeguswa kidonda. Mwanamke aliyezaa mara sita haulizi mambo hayo. Mwanangu alikuwa amekuja mwezi wa tano, alikaa siku nne. Nilihesabu. Hesabu ikakubali.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Lakini nataka niandike ukweli hapa, kwa sababu mahali pengine sijausema wote. Nilifurahi kama dakika kumi hivi, nimelala naangalia bati, halafu nikawaza: akiacha kunibeba, nani atanibeba? Nikanyamaza.

Nilijipa sababu. Nilijiambia mimba changa haisemwi, mwenyewe hajasema, mimi ni nani wa kumtangulia. Nilijiambia mimi mwenyewe nilibeba kuni na maji mpaka siku ya uchungu, na nani alinihurumia? Nilijiambia zimebaki wiki tatu tu. Sababu zilikuwa nyingi na zote zilikuwa na ukweli kidogo. Kila akija na kusema, "Haya," nilifunga mikono shingoni mwake, nikaachia uzito wangu wote.

Mwanangu alikuja mwanzoni mwa mwezi wa saba. Alikaa kando ya godoro langu akagongagonga hogo kwa kucha, akacheka kidogo, halafu akawa na uso wa mtu mwenye jambo.

"Mama, nimewaza. Nimpigie dada aje kutoka Manyoni, akae na wewe mpaka utakapofunguliwa."

"Wa nini?"

"Kumsaidia huyu. Naona amechoka."

Mkewe alikuwa mlangoni amebeba sufuria. Alisimama. Alinitazama mimi, hakumtazama mumewe. Sasa najua kwamba alikuwa anasubiri jibu langu, na kwamba wao wawili walikwisha kuongea.

Nilisema, "Dada yako ana watoto na shamba. Mwache. Tunatosha sisi." Nikamgeukia mkewe. "Au siyo, mwanangu?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

"Tunatosha, mama," alisema, akapita na sufuria yake.

Nimerudia dakika ile mara nyingi kuliko ile ya kuvunjika. Binti yangu angekuja. Ana mikono mizito na mdomo mkali, angenifokea kila siku, lakini angekuja. Sikumtaka. Nilikuwa nimezoea mikono ya huyu mwingine. Hiyo ndiyo sababu iliyokuwa chini ya sababu zote.

Ilikuwa wiki ya tano ya hogo, saa za mchana, siku ya upepo. Majirani wote walikuwa mashambani wanapura alizeti. Aliniondoa chooni, tukapanda kigazi cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tatu alisimama. Nilisikia mgongo wake ukikaza chini ya mikono yangu. "Nini?" nilimwuliza. Alipanda kile kigazi, akanifikisha barazani, akanikalisha polepole sana, akahakikisha hogo limekaa sawa juu ya mkeka. Baada ya hapo ndipo alipokwenda kuegemea ukuta na kushuka nao mpaka chini.

"Mama," alisema, "nadhani inatoka."

Damu ilikuwa imefika kwenye vifundo vyake.

Nilimwambia alale, ainue miguu. Nilimtupia kanga. Simu yangu ilikuwa dukani barabarani inachajiwa. Nilimwuliza yake iko wapi, akasema shambani, kwenye kapu, kisha akaacha kusema. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi. Nikapiga yowe. Upepo wa Singida mwezi wa saba unajulikana. Unachukua sauti unakwenda nayo uendako, haufiki nayo kwa jirani. Nilipiga tena na tena, mbuzi tu wakaitika.

Nyumba ya jirani iko ng'ambo ya shamba letu la mtama, mwendo wa mtu kumaliza kula hindi. Nilijiteremsha kutoka barazani. Hogo lilipiga ukingo wa jiwe, nikasikia kitu kinapasuka, sikujua ni plasta au ni mimi. Nilikwenda kwa makalio, nikirudi nyuma, mikono inavuta, mguu mzima unasukuma, ule mwingine unaburuzika mbele yangu kama gogo. Shamba lilikuwa limevunwa na visiki vya mtama vimebaki wima. Mbigili ziliingia viganjani. Nilikuwa nimeigeuzia uso nyumba yetu, kwa hiyo njia nzima nilikuwa namwona pale barazani, kitu kidogo chenye kanga nyekundu, na kila nilipovuta nilimwona amekuwa mdogo zaidi. Sikumwona akisogea.

Sijui nilitumia muda gani. Katikati ya shamba maumivu ya kifundo yalinizidi nikatapika, nikaendelea. Karibu na uzio wa minyaa mke wa jirani alinisikia. Alikuwa amerudi kuchukua maji. Alikuja akashika kichwa, "Mama, umefikaje hapa?"

"Niache mimi," nilimwambia. "Mke wa mwanangu. Kimbia."

Alikimbia. Nikamwona akifika barazani, akiinama, akikimbia tena kuelekea barabarani, akipunga kitenge. Bodaboda ikaja ikirusha vumbi. Walimpakia katikati, mwendesha pikipiki mbele, mke wa jirani nyuma amemkumbatia, kichwa chake kimelala begani mwa yule dereva. Wakaondoka. Pikipiki ilipotea na mimi nikabaki nimekaa kwenye mtama, nimeshika ukingo wa uzio, na hapakuwa na mtu yeyote mpaka jua lilipoanza kushuka na mzee jirani akarudi na mkokoteni wake wa ng'ombe. Alinipandisha juu ya magunia, akanirudisha nyumbani. Shikamoo sikuweza kumpa.

Mke wa mwanangu alirudi kesho yake alasiri. Walimsafisha, wakamwongeza damu. Alishuka kwenye bajaji mwenyewe, akaingia, akanikuta nimelala palepale mzee aliponiacha, mke wake ameniwekea ndoo karibu. Alisimama mlangoni. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Shikamoo mama."

Sikuitikia.

"Umekula?" akauliza.

"Kaa chini," nilimwambia. "Usishike kitu. Kaa."

Alikaa juu ya gunia la alizeti. Kuku walikuwa wanaingia na kutoka. Nilijua kwamba nisiposema saa ile sitasema tena.

"Nilijua," nikasema. "Kuanzia wiki ya tatu nilijua una mimba."

"Najua ulijua. Ulikuwa unaniangalia kifuani nikikuogesha."

"Mbona hukuniambia?"

Alinitazama moja kwa moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Ningekuambia wewe, mama?"

Hakulisema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetaka kujua kama kulikuwa na njia ambayo hakuiona. Akatazama mikono yake.

"Hii ni ya tatu," akasema.

"Ya tatu nini?"

"Ya kwanza ilitoka mwaka tuliooana. Ya pili mwaka ule wa njaa. Nilimwambia mume wangu asikuambie. Niliona ni heri useme sizai kuliko useme nazaa wafu."

Miaka mitano nilimtangaza tasa bombani, na yeye alikuwa akitoka hospitali peke yake, anafua kanga zake peke yake, anarudi kunipikia. Nikakumbuka mara mbili aliposema anakwenda kwao kumwona mama yake anaumwa. Nikakumbuka kwamba mara ile ya pili nilimfokea kwa kuchelewa kurudi.

"Walisema ni kunibeba mimi?" nilimwuliza.

"Muuguzi amesema hapana. Amesema mimba nyingi hutoka zenyewe tu, na mtu akishapoteza mbili anatakiwa apimwe, aende hospitali kubwa. Amesema si kubeba."

"Wewe unaamini?"

"Sijui. Nikikaa naamini. Nikiinuka siamini."

Mimi pia sijui, mpaka leo. Nimemwuliza daktari wa mguu, nimemwuliza sista wa zahanati, wote wamenijibu kama yule muuguzi. Wanaweza kuwa wanasema kweli. Lakini hata kama uzito wangu haukufanya lolote, nilikuwa nimekubali kwamba ungeweza kufanya, na nikauweka juu yake hata hivyo. Hilo halihitaji daktari.

Hogo lilikuwa limepasuka kisiginoni. Waliponipiga picha upya, mfupa ulikuwa umehama kidogo. Yule kijana daktari hakunifokea. Aliniuliza tu nilifanya nini, nikamwambia nilitembea kwa makalio, akaandika. Wakanirudishia mfupa mahali pake kwa kuuvuta, nikiwa macho, nikauma kona ya kanga. Hogo jipya, wiki sita nyingine. Safari hii aliyekuja kunihudumia ni binti yangu kutoka Manyoni. Alinifokea kama nilivyotegemea. Nilipokea.

Mke wa mwanangu alikaa nasi wiki mbili za kwanza, hanyanyui kitu, nilimkataza hata ndoo. Mchana alikaa kwenye jua karibu na ukuta. Mimi nimelala ndani, yeye yuko nje, tumetenganishwa na tofali, na mara nyingine nilisikia akiongea kwa sauti ya chini kwa Kinyaturu, peke yake. Sikusikiliza maneno. Kisha mwanangu akaja kumchukua. Alisema atakwenda kukaa naye Sekenke, na kwamba hospitali kubwa wameshampa tarehe ya vipimo. Alisema hayo akiwa amesimama. Hakuniomba ruhusa, na zamani angeomba.

Siku ya kuondoka mkewe alikuja kuniaga. Alipiga goti kama kawaida. Nikamshika mkono nikamwambia, "Nisamehe."

"Nimekusikia, mama," alijibu.

Nimeyageuza maneno hayo huku na huku. Hakusema amenisamehe. Alisema amenisikia, na nadhani alichagua.

Nilifunguliwa hogo mwishoni mwa mwezi wa nane. Chini yake kulikuwa na mguu wa mtu mwingine, mwembamba, ngozi inabanduka kama maganda ya kitunguu, nywele ndefu. Kifundo kilikuwa kimekufa ganzi na kugoma. Walinifundisha kukaa, kuzungushia kanga chini ya unyayo, kuvuta ncha zote mbili kuelekea kwangu, kuhesabu mpaka ishirini, kuachia. Asubuhi, mchana, jioni. Nilivuta nikilia kwa hasira. Mwezi mzima kifundo kilisogea upana wa ukucha. Nilipokanyaga mara ya kwanza, nimeshika magongo yote mawili na binti yangu nyuma yangu, nilihisi kama nakanyaga mahali ambapo hapana ardhi. Nikapiga hatua tatu. Binti yangu alipiga vigelegele. Nilimwambia anyamaze.

Sasa natembea. Mguu wa kulia umefupika kidogo na unyayo umegeukia nje, kwa hiyo nachechemea, na jabali silipandi tena. Asubuhi za baridi kifundo hukaza mpaka nikimwagie maji ya moto. Watu huniambia nimepona.

Kuhusu yale maneno ya bombani, nilitaka kuyarudisha. Nilimpigia mke wa mwanangu simu Sekenke nikamwuliza kama naweza kuwaambia wanawake kwamba si tasa, kwamba nilikosea. Alifikiri, nikasikia kelele za mashine za kusaga mawe nyuma yake. "Hapana, mama," alisema. "Ukiwaambia hilo, lazima uwaambie na mengine. Yale ni yangu." Kwa hiyo nimekaa nayo. Wakisema, nasema tu, "Tuyaache hayo," na wao huona nimezeeka.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana nilipanda basi kwenda kuwaona. Gari lilikata zile kona za mlima Sekenke na mimi nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, mguu umenyooshwa kwenye njia ya watu kupita. Mke wa mwanangu alinipokea stendi. Amenenepa kidogo. Anapika chakula kwa wachimbaji, ana banda la turubai na meza mbili, na watu waliojaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope wanamwita mama, "Mama, ongeza mboga," naye anawafokea wanacheka. Sikuwahi kumsikia akimfokea mtu. Nilikaa pembeni kwenye benchi, nikaomba nimenye viazi, akanipa kisu.

Jioni, mwanangu akiwa bado shimoni, nilimwuliza majibu ya vipimo. Alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga.

"Wameona tatizo liko wapi," alisema. "Kuna dawa. Wamesema nikipata tena, nilale tangu mwanzo."

"Ukipata tena, nitakuja nikae na wewe. Nitapika mimi. Utalala."

Aliendelea kusugua. "Na huo mguu?"

"Nitapika nimekaa."

Alicheka, kifupi, halafu kicheko kikaisha na akaisuuza ile sufuria, akaifudikiza juu ya jiwe. Nilimwomba waje nyumbani Krismasi, wote wawili. Akasema, "Tutaona, mama."

Krismasi mwanangu alikuja peke yake. Aliniletea kitenge kipya na mafuta ya kujipaka mguu, akasema mkewe ndiye aliyevichagua, akasema banda halina mtu wa kuliangalia. Nilimwandalia kuku. Tulikula tukiwa wawili, mvua inagonga bati, na alipomaliza alinawa mikono akaniuliza alizeti mwaka huu nitalima ekari ngapi.